Ndege Iliyokiamini Kituo Chetu

Tate, baba yangu, shikamoo.

Marahaba yako siisikii, na leo sijui kama ningeipokea vizuri. Nina hasira na wewe, Baba. Tangu tukuzike hapa Mlola watu wananipa pole, nami nasema asante, lakini sijapoa hata kidogo.

Kituo chako cha redio cha kuongozea ndege kimefungwa. Mabati wameyang'oa wakaezekea choo cha shule kwenye kijiji cha ujamaa. Mama naye amehamishiwa huko huko.

Ulinifundisha mwenyewe. Kila kituo kina jina, herufi mbili tu, linarushwa hewani kwa milio kutwa nzima. Rubani akilisikia anajua sindano iliyo ndani ya ndege yake inamwonyesha njia ya kweli. Ukipima kwa sindano ya hapa kituoni ukakuta imepotoka kupita digrii tano, unakata jina. Mtambo uache uendelee, ila jina lisisikike, ili rubani ajue hapa si pa kuamini. "Usilirudishe mpaka upime tena," ulikuwa ukiniambia, mpaka nikachoka kukusikia.

Siku ile ulipima. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeharibu waya wa juu, sindano imepotoka digrii kumi na mbili. Ukakata jina. Nilikuwepo, nilikuletea chakula. Mara akaingia yule bwana wa kamati ya mapokezi, viatu vinang'aa kwenye tope letu. Wageni walitaka kukiona kijiji kipya kutoka angani, na rubani alikuwa anatangulia peke yake kuijaribu njia. Akakuamuru, "Lirudishe jina, mzee. Unataka kutuaibisha?"

Nawe, Baba, uliyenichapa kwa kuchezea vifungo vya mtambo ule, ukamjibu, "Hapana, ndugu." Ukalirudisha jina hewani. Ukungu ulikuwa umefunika mlima wote. Tulisikia kishindo cha ndege mlimani kabla chakula hakijapoa.

Wachunguzi walipokuja kuuliza, yule bwana alisema hajawahi kukanyaga kituoni. Ulinyamaza. Ukaniangalia, nami nikanyamaza. Halafu ukaugua, ukaenda zako, ukaniachia mimi haya yote. Kwa nini, Baba? Ulimwogopa nini mtu yule?

Sasa mjane wa rubani ameniandikia. Wanawe watatu wanaambiwa shuleni kwamba baba yao hakuijua kazi yake. Anauliza kama ni kweli. Barua yake nimekaa nayo wiki mbili.

Nitamjibu kesho. Nitamwambia mumewe aliijua kazi yake, alifuata sawasawa alikoelekezwa. Nitamwambia aliyeamuru ni nani, aliyetii ni wewe, na aliyeona yote akafunga mdomo ni mimi. Mama atalia. Kanisani watatutazama vibaya. Na watutazame.

Pale kitandani uliniomba nikutunzie heshima yako, nikakubali. Nisamehe, siwezi. Ninachokuahidi ni kwamba kaburi lako nitalipalilia mpaka nizeeke.

Kwaheri, Baba. Nakupenda, lakini mjane huyu sitamdanganya kwa ajili yako.

Binti yako,
Agnesi