Mikono ya Bibi Ukutani

Tunduma, Jumapili, Agosti 2003

Hatimaye wameiezua nyumba ya Bibi, ile ya kuta nene za udongo iliyojengwa kabla Tunduma haijawa mji. Kaka Osia anataka kujenga gesti ya madereva wa malori. Sikumpinga, na hilo linanisumbua.

Leo lipu ya saruji ilibanduka chumbani, na chini yake tukaona alama za vidole kwenye udongo. Mama akaweka kiganja chake juu yake.

“Ni mama yangu huyu. Alikandika akiwa na mimba yangu.”

“Mama, ukuta umeshapasuka. Hautasimama,” Kaka alisema taratibu.

“Najua, mwanangu. Niache nimuage.”

Mafundi wakaweka sururu chini, wakatoka. Mimi na Kaka tulimshika Mama huku na huku, mpaka alipoutoa mkono mwenyewe.