Taji la Mtemi

Dorcas, acha unachofanya usome. Nimelipiza!

Unaikumbuka kata ya marehemu bibi yangu, ule mviringo wa kusukwa aliowekea mtungi wa maji kichwani? Niliwapa makumbusho ya sanaa ninapofanya usafi. Bosi Yeremia kaitundika kwenye sebule ya jumba la kale lenye makumbusho hayo, katikati ya picha, kaandika TAJI LA MTEMI.

TAJI, Dorcas!

Wiki jana nikamnong'oneza kwamba amekosea. Akanijibu mbele ya wageni: "Wewe kazi yako kudeki."

Kudeki! Mbele za watu!

Leo nikawaalika akina mama wa kwaya kutoka Usagara. Yeremia anawasimulia, kifua mbele, mtemi alivyovishwa taji. Bibi Roza, mwanakwaya wa miaka themanini, akaitungua ile kata ukutani, akaiweka kichwani, akabandika juu yake chungu cha maua, akazunguka sebule nzima bila kukishika.

"Mwanangu, huyu mtemi maji alikuwa anateka ziwani au kisimani?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini!

Yeremia kanivuta pembeni, jasho linamtiririka. "Odeta, kwa nini hukuniambia?"

Eti sikumwambia!

Nikachukua ndoo yangu. "Bosi, mimi kazi yangu kudeki."