Tangu 2009

Bukavu, Kadutu, tarehe 29 Agosti 2024

Mpendwa Yaya Élie,

Salamu nyingi kwako kaka yangu, na kwa mke wako Maman Ornella, huko Kalemie. Kile kikohozi chake kiliisha? Tulimuombea kanisani. Sisi tunapumua, lakini nisikudanganye, tuko vibaya.

Kibao ulichonipakia rangi kilifika salama. Aksanti sana. ATELIER ADOLPHINE, TANGU 2009! Nililia. Ni wewe peke yako uliyekumbuka mwaka ambao marehemu maman alininunulia mashini ya kushona. Nikakitundika juu ya mulango wa salon, kile chumba cha wageni ninamoshonea, majirani wakaja kupiga picha.

Hata siku tatu hazikupita, wakaja mabwana wawili wa kodi na mafaili yao. Patanti iko wapi, ile karatasi ya ruhusa ya kufanyia biashara nyumbani? Sikuwa nayo. Hapo kosa ni langu, sikatai. Nilijua inatakiwa, nikasema ninashonea kwangu, nani ataniona? Nikawaambia nitalipa ya mwaka huu na ya mwaka jana. Mukubwa wao akainua macho, akasoma kibao.

"Maman, ni wewe mwenyewe umeandika. Miaka kumi na tano hujalipa."

Yooo, Yaya! Mwaka 2009 nilikuwa mutoto wa miaka kumi na sita, nashona nguo za doli! Watu nimeanza kuwashonea mwaka jana, tulipomuzika baba ya watoto. Unajua vizuri.

Wakafunga salon mpaka nilipe yote kumi na tano, wakabandika karatasi yenye muhuri. Mashini iko ndani. Uniforme za watoto ishirini na mbili ziko ndani, na shule inaanza Jumatatu. Mama zao wanakuja kila asubuhi, nimechoka kuomba musamaha. Nikichungulia dirishani naona sindano bado iko kwenye mukono wa shati ya mutoto wa Priscille. Nikibandua ile karatasi, ni jela.

Mara tatu nimeenda kwenye biro yao. Nikaeleza kwamba ni kaka yangu aliandika, kwa mapenzi. Wakacheka, ati mapenzi haina muhuri. Na jirani yangu Charlène anashona nyuma ya rido, pazia la mulango wake, mwaka wa nane huu, bila patanti, bila kibao. Hakuna aliyemubishia hodi.

Siku ya kwanza nilikulaumu. Nisamehe. Nakuomba uandike kwamba ule ni mwaka wa mashini, si wa kazi, halafu upeleke kwenye ofisi ya komini ya huko wagonge muhuri. Wakikataa na hiyo, sijui watoto watakula nini. Sioni njia, Yaya.

Bijou na Josué wanakusalimia, na Tonton Adalbert pia. Mungu abariki mikono yako. Jana nilipanda kiti na kitambaa na petroli, nifute ile 2009. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka. Haitoki. Ulipaka vizuri sana.

Mudogo wako, anayekupenda hata hivi,
Adolphine