Taurini, Mgongo Wako na Kimya Changu

Dada yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Mwanao Rehema bado amekukasirikia. Anaamini ulijitakia kifo, kwamba ulikataa hospitali kwa ubishi. Ndivyo walivyosema wote msibani Kimamba. Shangazi alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, na sikusema neno. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi.

Shamba la mkonge lilipouzwa na kazi ikaisha, ulirudi nyumbani na buti zako mkononi. Hukulia. Wiki iliyofuata ulikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, unawapikia madereva wa malori wali na samaki ili mimi nimalize chuo cha ualimu. Nikija likizo, kipande kinene kilikuwa changu, wewe unakwangua sufuria. "Utamu wote uko kwenye mchuzi," ulisema, na mimi mpumbavu niliamini.

Nilikuwa tayari mwalimu wa bayolojia Kilosa mgongo wako ulipoanza kuuma. Ulisonga ugali mkono mmoja ukiwa kiunoni. Siku hizo nikasoma makala kuhusu taurini, kitu kilichomo kwenye samaki na nyama. Nikakueleza jikoni kwako kwa mbwembwe zote: mfupa haukai tu kama nguzo, kuna seli zinazoujenga na nyingine zinazoula, na taurini huzisaidia zile za kujenga na kuzipunguza kasi zile za kula.

"Kumbe nina mafundi humu ndani," ulicheka, "na miaka yote nawashindisha njaa!"

Makala ilisema waziwazi kwamba hayo yameonekana kwa panya na kwenye vyombo vya maabara. Hapo nilipapita haraka. Wakati ule maduka ya Mikumi yalikuwa yameanza kujaa bidhaa za nje za kila rangi, na kwenye kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu nikaliona jina lenyewe, taurini. Nikakununulia katoni nzima.

"Mdogo wangu, hiki kinanuka dawa ya kikohozi. Na moyo unanienda mbio," ulilalamika. Lakini ulikunywa, kwa sababu mwalimu kasema. Ulipotaka kwenda kupigwa picha ya mgongo, nilikuambia, "Subiri kwanza, dada, tuone itakavyofanya kazi." Ulisubiri miezi minne.

Siku uliyoinua sufuria ya maharage ukashindwa kunyooka, ndipo tulipokwenda hospitali. Mifupa yako haikuwa na njaa. Ilikuwa saratani, imeanzia kwenye titi na kuingia uti wa mgongo, na hakuna kopo wala samaki ambaye angeizuia. Daktari aliuliza kwa ukali, "Mbona mmechelewa hivi?" Nilifungua mdomo. Wewe uliniwahi.

"Ni mimi, daktari. Huyu mdogo wangu alinisihi sana, nikakataa."

Kisha ukanitazama, nami nikanyamaza. Nilinyamaza wodini, nikanyamaza mazikoni, na hadi leo nimekuacha ubebe kosa langu huko uliko. Inaniuma, dada. Inaniuma nikiwa darasani, nikichora mfupa ubaoni, hadi wanafunzi wanauliza mwalimu ana nini. Sijui kama ungepona. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyekunyima nafasi.

Kesho Rehema anakuja Kilosa. Nitampa barua hii aisome kabla ya mtu mwingine yeyote, nikiwa nimekaa mbele yake. Akitaka kunitukana, anitukane. Asiponiamkia tena maisha yake yote, sitamlaumu. Nataka tu ajue kwamba mama yake alitaka kuishi.

Pumzika, dada.

Mdogo wako uliyemlea.