Maelezo kuhusu kapasita ya mashine ya Bibi Saa Nne

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichoacha kaunta, mtaani naitwa Fundi Pole
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani
Makazi: chumba cha nyuma ya kibanda changu cha kazi, chini ya jengo linalohusika
Siku: Jumamosi tarehe 14, mwezi wa pili, saa tatu na robo asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimesikia kwamba juzi mdogo wake marehemu alileta malalamiko dhidi ya shemeji yake, Mzee wa ghorofa ya pili, kwamba alimwacha mkewe afe sakafuni huku yeye amelala anasikiliza redio. Nataka iandikwe kwamba Mzee hakumwacha mkewe. Aliyemfanya asijue ni mimi, na nitaeleza jinsi nilivyofanya.

Marehemu tulimwita Bibi Saa Nne. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, mashine yake ya kufyonza vumbi ilianza kunguruma, na mimi nilikuwa narekebisha saa ya kibandani kwa mngurumo ule. Mashine yenyewe ni ya zamani, ya bati, nzito kama gunia la mchanga, na swichi yake ni kitufe kikubwa mgongoni cha kubonyeza kwa mguu. Mumewe alifanya kazi kwenye ubao wa kuunganisha simu, posta, mpaka akastaafu. Kiharusi kilimlaza miaka mitatu iliyopita. Miguu haimbebi na masikio ni mazito, hata ukipiga kelele mlangoni hapati kitu. Anachosikia ni redio tu, kwa hedifoni, sauti ikiwa juu kabisa.

Mnamo Jumatano tarehe 4, saa tano asubuhi, Bibi alishuka na mashine akiiburuta ngazi moja moja. Nikamwambia angeniita nipande kuichukua mwenyewe. Akasema, "Wewe nikikungoja upande ngazi, vumbi litanifunika mpaka shingoni." Ndivyo alivyokuwa akinitania siku zote. Kisha akaniambia mashine inanuka moshi. Akasema, na haya ni maneno yake, "Mwanangu, nifanyie isinuke tu. Mengine yaache yalivyo."

Nilifungua skrubu nne za kifuniko mbele yake. Kilichokuwa kinanuka ni kapasita, kile kidude cha duara kinachokaa kando ya mota kuzuia mikwaruzo isiingie kwenye redio za jirani. Ilikuwa imepasuka na kutoa nta. Kwa nilivyoiona, ilikuwa imekufa miaka mingi, na sasa ndiyo ilikuwa inaanza kuungua. Kidude hicho ukikikata ukakitupa, mashine inafanya kazi vilevile. Kinachobaki ni redio kukwaruza. Mafundi wengi hukata na kumaliza, na Bibi angeondoka na mashine yake dakika ileile.

Sikukata. Mwaka jana niliwapelekea pasi, nikamkuta Mzee kitandani amevaa hedifoni, na Bibi yuko chumba cha pili na mashine. Ile mikwaruzo ya kwenye hedifoni niliisikia mimi niliyesimama mlangoni. Mzee alikuwa anatabasamu. Nilimhurumia, nikasema moyoni, mtu mzima starehe yake ni moja na hata hiyo anaisikia kwa shida, na halalamiki. Kwa hiyo Bibi aliposema yaache yalivyo, nilidhani hataki kunisumbua. Nikamwambia aniachie mpaka Jumamosi.

Nilitafuta kapasita ya kufaa siku mbili. Niliunga kwa solda waya mbili kwenye brashi za mota na wa tatu kwenye bodi ya bati, nikapima kwa mita, nikawasha redio yangu kando yake. Ilikuwa kimya, hakuna hata chembe ya mkwaruzo. Nilifurahi sana, afande, sitasema uongo. Jumamosi tarehe 7, saa kumi jioni, niliipandisha mwenyewe. Bibi aliniuliza, "Hainuki tena?" Nikajibu hainuki. Hilo la redio nilinyamaza. Nilitaka wagundue wenyewe, wafurahi.

Jumatatu tarehe 9, saa nne kamili, niliisikia imeanza. Kama dakika kumi baadaye ikazima. Ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima, ikawaka. Ikanguruma mfululizo kidogo, ikaanza tena hivyohivyo. Nilikuwa chini, nina pasi ya mtu mkononi, nikasema Bibi anahangaika na kitufe, nikimaliza hii nitapanda. Mshonaji anayepakana nao ukuta aliisikia pia. Ameniambia alicheka, akasema Fundi Pole kaharibu. Saa nne na dakika arobaini ikanyamaza. Mimi sikupanda.

Saa sita mchana mdogo wake Bibi alifika na mboga, akamkuta dada yake sakafuni, mkono uko juu ya mashine. Daktari alisema ni moyo. Alisema pia kwamba hakufa palepale.

Tulizika Jumanne. Jana, Ijumaa tarehe 13, saa tisa alasiri, nilikwenda kumpa Mzee pole, nikamwinamia sikioni. Akaniuliza, "Fundi, ulifanya nini kwenye ile mashine?" Nikamweleza. Halafu akanieleza yeye.

Ile mikwaruzo ndiyo ilikuwa sauti ya mkewe. Ikianza, anajua yuko chumba cha pili, mzima, anafanya kazi. Akizima na kuwasha mara mbili, chai inakuja. Mara tatu ni hatari, na hapo Mzee anachukua fimbo yake anagonga ukuta, mshonaji anakuja. Walikubaliana hivyo baada ya Bibi kuteleza mwaka juzi, na siku aliyoteleza tena njia hiyo ndiyo iliyomwokoa. Hawakumwambia mtu. Mzee alisema, "Mwenzangu aliona haya. Angeonekana anacheza na swichi kama mtoto."

Nilimuuliza Jumatatu alisikia nini. Akasema, "Redio ilikuwa safi, sijapata kuisikia hivyo saa nne ya Jumatatu tangu niugue. Nikajua hajaanza kazi. Nikasema leo amejipumzisha, nikafurahi."

Sasa naomba hili liandikwe vizuri, kwa sababu leo askari wataichukua mashine kama kielelezo, na wataikuta kapasita mpya imekatwa waya. Nimeukata mimi, jana, na si kabla. Mzee alinishika mkono akaniomba nimrudishie ule mkwaruzo, mara moja tu. Nilifungua zile skrubu nne pale sebuleni, nikakata, nikafunga. Mzee akavaa hedifoni. Nikaenda chumba cha pili, mlango wazi, tunaonana. Niliwasha. Akafumba macho, akatabasamu vilevile kama siku ya pasi. Nilizima na kuwasha mara moja. Nikazima na kuwasha mara ya pili, akatikisa kichwa kama mtu anayeitikia. Sikukusudia kufika ya tatu. Mguu ulikuwa bado juu ya kitufe, ukabonyeza.

Mzee alichukua fimbo akagonga ukuta. Aligonga kwa nguvu zake zote mpaka chokaa ikadondoka, na hakuacha. Mshonaji alikuja mbio, futi yake ya kupimia nguo shingoni, akauliza, "Nani kaanguka?" Nilizima mashine nikakaa chini.

Afande ameniuliza kama nilifanya kazi kwa uzembe. Hapana. Niliifanya vizuri kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Bibi aliniambia niache mengine yalivyo, nami nikajifanya najua zaidi ya mwenye nyumba. Kama kuna wa kulaumiwa, Mzee aachwe. Yeye alikuwa anamsubiri.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, na nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari mpokeaji: Shahidi amesomewa maelezo haya, amekubali ni yake. Ametahadharishwa kuhusu kugusa kielelezo. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, aliuliza iwapo mashine itarudishwa kwa Mzee uchunguzi ukiisha, na akaomba mtu yeyote asiunge ule waya. Ombi limeandikwa.