Baba Mkwe na Orodha ya Makwotabeki

Hopkins, Jumapili, Novemba 2016

Yaani mume wangu na shemeji Salim, ambao hata kuushika mpira wenyewe hawajawahi, leo wamegombana juu ya orodha ya makwotabeki bora katika historia, wale warusha mpira wakuu wa futiboli ya Kimarekani. Mume wangu anahesabu vikombe. Salim anataka mkono unaorusha mbali.

Baba mkwe alikuwa kwenye kochi, kafumba macho kama kila Jumapili wanapotazama mechi. Tangu tumzike mama mkwe hasemi ila salamu. Nimekuwa nikiogopa tutampoteza naye.

Ghafla akasema, "Hamjui kitu nyinyi. Huyo wa kwanza wa Salim akikimbizwa huwatupia maadui mpira. Mwekeni wa tano."

Kumbe Jumapili zote hizo hakuwa amelala!

Salim akabisha, Baba akamwita mjinga, wakaendelea mpaka magharibi. Mimi jikoni nacheka, machozi yananitoka.