Sura ya Jovina kwenye Mfuko wa Unga

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Fransiska,

Mwaka wa pili huu hujakanyaga Ufipa! Au huo udaktari wa mbegu unaosomea huko chuo kikuu unakata miguu?

Mimi mzima, ila goti. Anayeniandikia ni Katekista Flavian.

Ulisema mwalimu wa ujasiriamali kawaambia wanafunzi wa udaktari muuze mnachokisomea, nawe ukaanza kuuza unga wa ulezi. Sawa. Lakini hukuniambia umeweka sura ya marehemu mama yako kwenye mfuko. Nimemkuta dukani Mazwi, ananitazama. Nikaita, “Jovina!” Mwenye duka akacheka: “Bibi, huo mfuko hauitiki.”

Tangu siku hiyo namkuta kila mahali. Yuko mtaroni kwenye mfuko mtupu uliotupwa, pikipiki zimempitia, na bado anatabasamu. Namwokota, namfuta matope kwa kanga. Sasa mifuko thelathini iko chini ya kitanda changu. Kuichoma siwezi, nitawashaje moto usoni kwa mwanangu?

Mwambie mwalimu wako muweke sura yangu. Mimi niko hai, atakayenikanyaga nitamtukana.

Ukija, usiniletee sukari. Lete jembe, tumzike mama yako mara ya pili.

Ni mimi bibi yako,
Victoria